Testi zinaanguka zinavyotaka: nizifute?

Kijana_wa_Umoja: Wadau, nisaidieni. Mradi wetu wa ankara una testi kama 400, yaani vipimo vinavyojiendesha kukagua kama programu inafanya kazi. Leo zote zinapita, kesho mbili zinaanguka, na hakuna aliyegusa kitu. Tawi kuu la msimbo likiwa jekundu, yaani testi imeanguka, bosi ananiuliza mimi. Nizifute tu?

Tumbili_wa_Karura: Tatizo ni testi za kivinjari. Punguzeni, mbakize za fankisheni, zinazopima kipande kimoja kimoja cha msimbo. Siku hizi watu wanabofyabofya kila kitu wakidhani ndio kupima.

Mama_Seva: Usifute bado. Zinaanguka saa ngapi?

Kijana_wa_Umoja: Hatuna za kivinjari hata moja. Huanguka usiku, seva inapoziendesha zote saa saba na nusu. Mchana mara mojamoja. Nimeziweka zirudiwe hadi mara tatu na imesaidia, kwa hiyo hapo msiguse.

Githeri_Moto: Saa saba usiku hata seva inataka kulala.

Mama_Seva: Saa saba na nusu usiku hapa ni 22:30 UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu), bado jana. Programu ikitumia tarehe ya Nairobi na testi ikitumia ya seva iliyo kwenye UTC, hazitapatana kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, kisha zinapatana tena. Igandishe saa ndani ya testi iwe 22:30 UTC, uiendeshe mchana. Ikianguka, umeishika.

Hesabu_Kali: Hapa tunachezewa. Kosa la tarehe lingeanguka mara zote tatu, kurudia kungesaidia nini? Na la mchana linatoka wapi? Hili ni swali la intaviu, jamaa anataka tumjibie.

Kijana_wa_Umoja: Si intaviu jamani! Ni makosa mawili. Moja ni tarehe ya ankara. Nyingine ni testi inayosubiri sekunde 2 jibu la malipo ya simu lifike, ndipo iangalie kama ankara imelipwa. Hiyo ndiyo inayosaidiwa na kurudia.

Hesabu_Kali: Ungesema mapema. Haisaidiwi, inafichwa. Testi inayoanguka mara 1 kati ya 5, ukiipa nafasi tatu utaiona nyekundu mara 1 kati ya 125. Toa hizo sekunde 2. Iulize hali ya ankara kila milisekunde 100, ukomo sekunde 10. Ikianguka hata hapo, chunguza kama jibu linafika kabla ankara haijahifadhiwa. Ikiwa ndivyo, kasoro iko kwenye programu: mteja atalipa na bado atadaiwa.

Kijana_wa_Umoja: Ya tarehe nimeigandisha, imeanguka mchana huu. Lakini kurudia sitoi kabla ya Ijumaa, tunatoa toleo jipya.

Mama_Seva: Basi kurudia kubaki kwa hiyo moja ya malipo, si zote 400, na kila ikirudiwa logi (kumbukumbu ya matukio ya programu) iandike namba ya ankara. Na usikimbilie kubadilisha saa ya seva iwe ya Nairobi ili ile ya tarehe inyamaze. Tarehe itoke sehemu moja ndani ya programu.

Githeri_Moto: Toleo la malipo, Ijumaa, mwisho wa mwezi. Simu ya bosi uiweke karibu.