Naomba ushauri: barua za vita za mwanajeshi Myahudi kwa mkewe

Wakuu, habari zenu. Niko New Jersey, namtunza bibi mmoja wa Kiyahudi mwenye miaka themanini na ushee. Ana boksi la barua ambazo marehemu baba yake, askari wa Marekani, alimwandikia mkewe kutoka Italia mwaka 1944.

Nyingi ni zile ndogo za V-mail: jeshi lilizipiga picha kwenye filamu ili zisijaze meli, kisha zikachapwa upya kwa maandishi madogo mno. Namsomea kwa kioo cha kukuzia. Chache ni karatasi za kawaida, na huko wakaguzi wa barua wa jeshi wamekata majina ya miji kwa wembe. Katika moja analalamika kwamba soseji aliyotumiwa imefika na ukungu, ila ameikwangua akaila na wenzake! Kwingine kaandika Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwa herufi za Kiebrania, na hapo wote wawili tunakwama.

Sasa mtoto wake anataka kuziuza mtandaoni. Bibi anataka ziende makumbusho ya wanajeshi Wayahudi kule Washington, ila baadhi zina mambo ya chumbani ya wazazi wake na anaona aibu. Mimi niko upande wa bibi, ingawa si familia yangu.

Mliowahi kukabidhi nyaraka makumbusho: je, mtu anaweza kuweka sharti kurasa fulani zisionyeshwe? Na hizo za Kiyidishi, zitafsiriwe kwanza au zikabidhiwe hivyo hivyo?