Naombeni ushauri: gesi tumboni imenizidi, je, hii ndiyo IBS?

Mwalimu Kimya (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, niko Tanga mjini, kazi yangu ualimu. Tatizo ni tumbo. Linaunguruma mpaka wanafunzi wa dawati la mbele wanatazamana. Asubuhi gesi inajaa, shati la kuchomekea linabana, na ikifika saa tatu lazima nitoke darasani. Nikifika chooni ni choo laini, siku nyingine maji matupu. Jioni huwa afadhali. Zamani nilikuwa mtu wa kwenda mara moja kwa siku, basi.

Nimesoma mtandaoni nikakutana na hii IBS, yaani utumbo kusumbua muda mrefu bila vipimo kuonyesha kitu, dalili zote ni zangu. Nimeshameza dawa ya minyoo, nimeshameza Flagyl, pilipili nimeacha. Swali langu ni moja tu: kwa mwenye IBS, dawa gani ya gesi inafanya kazi haraka? Naomba tusitoke nje ya mada.

Kaa Koko
Nje ya mada ndo nyumbani kwetu, mkuu. Karibu sana. Kwanza jana usiku umekula nini? Mtu wa Tanga akilalamika gesi mimi simwelewi mpaka aniambie habari ya mbaazi za nazi.

Fundi Friji
Hiyo taifodi. Mimi ilinishika hivyohivyo nikiwa Korogwe, nikapigwa sindano, leo naendesha bodaboda mpaka Lushoto. Nenda kapime.

Mama Wawili
Fundi, kile kipimo cha damu cha taifodi kinachopimwa kila kichochoro kisikudanganye. Ukiwahi kuugua zamani kinaweza kusema unayo hata leo ukiwa mzima.

Mleta uzi, pole. IBS mimi ninayo, na nimetaabika nayo vya kutosha kabla ya daktari kuitaja. Vipimo vyote safi: choo, damu, ultrasaundi. Hakuna kipimo kinachoionyesha moja kwa moja. Daktari anasikiliza historia, anaondoa magonjwa mengine, ndipo anasema. Alichoniuliza sana ni maumivu: je, tumbo linauma angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu, na maumivu yanakwenda sambamba na choo? Wewe hujataja maumivu hata mara moja. Gesi peke yake kila mtu anayo, tunatofautiana ustaarabu wa kuitoa.

Kwangu mimi wachokozi ni vitunguu na maziwa. Hebu fikiria, unazaliwa Tanga, mji wa maziwa, halafu maziwa yanakukataa! Mama mkwe alidhani naringa. Kila nikienda kwake ananiwekea mtindi, nikiuacha ananuna, nikiunywa nalala chooni. Mwisho mume wangu ndiye akawa anaunywa kwa siri. Sasa yeye kanenepa, lawama kwangu, ati namlisha vibaya.

Sharifu Ngamiani
Vijana mnakula ovyo. Chipsi usiku, soda asubuhi, mtu haijui Jumatatu wala Alhamisi. Funga sunna uone tumbo kama halijatulia. Wazee wetu walikula bada na samaki, ulisikia IBS?

Kaa Koko
Wazee wetu walikuwa wanajamba tu, Sharifu, ila hawakuwa na bando la kuja kuuliza.

Nesi Mstaafu
Mwalimu, kabla ya kutajiwa dawa jibu haya. Imeanza lini? Unaona damu kwenye choo? Umepungua uzito? Usiku tumbo linakuamsha? Homa? Na kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, ya hospitali au ya kienyeji?

Mwalimu Kimya
Asante dada. Damu hapana, homa hapana, usiku nalala. Uzito umepungua kidogo, mkanda nimetoboa tundu jipya, lakini nilikuwa na kitambi kwa hiyo si vibaya. Dawa nyingine za tumbo situmii. Sasa naomba jina la dawa ya gesi.

Nesi Mstaafu
Nimeuliza dawa yoyote, wewe umejibu dawa za tumbo. Na la kwanza umeliruka: imeanza lini, na kabla ya hapo kulitokea nini?

Fundi Friji
Hapo sasa. Mwalimu kapewa mtihani.

Mwalimu Kimya
Sawa. Kabla ya mfungo niligundulika nina sukari. Nikaandikiwa metformini, moja asubuhi, moja jioni. Tumbo lilianza wiki hiyohiyo. Sikutaja kwa sababu sukari si mada.

Na nisihukumiwe: nyumbani hawajui. Nimeoa mwaka huu. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, mtaa mzima ulijua, na watu wakisikia sukari wanaanza maneno ya chumbani. Kwa hiyo vidonge vinakaa shuleni. Namezea ofisini alfajiri, nikishushia na kahawa chungu, kabla wenzangu hawajafika. Chai tunakunywa saa nne. Cha jioni nimeshakiacha, ndiyo maana jioni tumbo limetulia, na mimi naona sijakosea. Kuna mzee Muheza ana mchanganyiko wa mizizi unaoondoa sukari na gesi kwa pamoja. Nimeshatanguliza nusu ya hela, Ijumaa namalizia 60,000, halafu na cha asubuhi nakiacha.

Mama Wawili
Yaani mada yenyewe ndo umeificha uvunguni!

Nesi Mstaafu
Mwalimu, gesi, kichefuchefu na kuharisha ndiyo usumbufu unaojulikana zaidi wa metformini, hasa mwanzoni. Ndiyo maana tunamwambia mtu ameze pamoja na chakula, tena kwa kawaida daktari anaanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Wewe unaimezea tumbo tupu na kahawa juu, halafu unakaa mpaka saa nne. Kwa wengi usumbufu hupungua baada ya wiki chache. Usipopungua, ipo metformini inayoyeyuka polepole, tumbo huwa linaivumilia zaidi, na zipo dawa nyingine kabisa. Hayo yote mwambie aliyekuandikia. Na huo uzito autazame yeye, usijipongeze kwa kitambi.

Jioni tumbo limetulia, ndiyo. Je, sukari umeipima?

Halafu swali jingine: biskuti za "bila sukari" unakula?

Mwalimu Kimya
Nakula, pakiti kwa siku. Si ndizo za wagonjwa wa sukari?

Nesi Mstaafu
Soma nyuma ya pakiti. Ukikuta sorbitoli au maltitoli, yaani vitamu vinavyowekwa badala ya sukari, utumbo haunyonyi vizuri vitu hivyo, vinashuka chini, bakteria wanavichachusha, gesi inajaa. Ukila nyingi unaharisha. Hiyo IBS yako mpaka sasa sijaiona.

Kaa Koko
Maneno ya chumbani nayo vipi mwalimu, ni maneno tu au?

Sharifu Ngamiani
Kumficha mke ni dhulma. Alikukubali mzima.

Popo wa Raskazone
Wakuu mbona mnapigwa mchana kweupe? Mleta uzi kajiunga leo, huu ndio uzi wake wa kwanza. Kaanza na gesi, kaja na IBS, kaingia kwenye sukari, na katikati, taratibuu, katokea mzee wa Muheza na bei yake. Hizi script nazijua. Ukurasa wa pili atarudi kushukuru kuwa amepona, na namba ya simu chini. Hata ualimu wake nina shaka nao, mwalimu gani haulizwi na mkuu wa shule kila saa tatu anakwenda wapi?

Fundi Friji
Ee! Nilihisi.

Mama Wawili
Muuza dawa gani anaeleza kwamba kidonge cha hospitali akikimeza vizuri kitakaa sawa? Aliyeeleza ni Nesi.

Popo wa Raskazone
Na Nesi kajiunga lini?

Nesi Mstaafu
Mwaka 2013, mwanangu. Wewe ulikuwa unachezea redio ya baba yako.

Mwalimu Kimya
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani shemeji yangu anaijua, na yumo humu. Simuuzi mtu kitu. Mkuu wa shule ameshaniuliza, nilimwambia nafuatilia mahudhurio. Dada Nesi, kesho nitameza na chai. Cha jioni nitafikiria. Lakini mzee siwezi kumwambia anirudishie hela, ni mtu mzima yule.

Chui wa Duga
Samahani, mimi msomaji tu wa kimyakimya. Hiyo shule ina mwembe getini? Mwanangu ananiambia mwalimu wao wa hesabu kila saa tatu anawaachia zoezi na kutoka mbio.

Mwalimu Kimya
Sifundishi hesabu. Naomba wasimamizi wafute uzi huu.

Fundi Friji
Kabla hawajafuta, huyo mzee wa Muheza anatibu na miguu kuwaka moto? Namuulizia mama.