Tushushe bei au tupunguze wageni? Swali kutoka kituo cha kuzamia, Nungwi

Mzamiaji wa Nungwi:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaendesha kituo kidogo cha kuzamia hapa Nungwi, chenye boti mbili na wakufunzi watatu, na safari zetu nyingi ni za Mnemba, kisiwa kidogo cha jirani chenye miamba ya matumbawe. Tangu bahari ilipopata joto kali mapema mwaka 2024 na matumbawe mengi ya ukanda wetu kupauka, wageni waliowahi kuja zamani huibuka na swali lilelile: rangi zimekwenda wapi? Wakati huohuo papasi wa ufukweni, wale madalali wa watalii, wanauza safari za huko kwa bei ambayo mimi, nikishalipa petroli, ada za hifadhi na ujira wa nahodha, sibakiwi na kitu. Juzi asubuhi tulizikuta boti zimejaa hadi nahodha wangu akazunguka karibu robo saa akitafuta boya la kufungia boti lililo wazi, na jirani yetu aliyechoka kusubiri akatupa nanga; alipoivuta, ilipanda na kipande cha tumbawe kikubwa kama sinia. Mshirika wangu anataka tushushe bei ili tujaze viti. Mliopita njia hii mlifanya nini?

Mkufunzi, Kendwa:
Kaka, bei usiiguse. Anayeishusha lazima abane mahali, na kwa kawaida huanza na kile ambacho mgeni hakioni: kichujio cha kompresa ya kujazia mitungi hewa hupitilizwa muda wake, mpaka hewa ya mtungi inanuka mafuta. Kisha hujaza boti, na mkufunzi aliyezoea watu wanne anakabidhiwa wanane, ambao nusu yao hawajui bado kujimudu majini, kwa hiyo wanapiga mapezi juu ya mwamba na kushika chochote kilicho karibu. Kumbuka kwamba tumbawe lililopauka si lazima liwe limekufa. Limewatoa vijimea wanaoishi ndani yake, ambao ndio hulipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula chake, na joto likishuka mapema wanaweza kurudi. Sisi hatuwezi kuipoza bahari, lakini tumbawe lililo dhaifu kiasi hicho halihitaji teke la mgeni wangu. Waelezeni wageni hali hiyo kabla hawajaingia majini, kwa maana anayeambiwa ukweli ufukweni halalamiki sana akirudi botini.

Mwenyeji wa Mafia:
Nakubaliana na mkufunzi, ila naongeza jambo kuhusu msimu. Huku kwetu hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, na miaka mitatu tu baadaye joto la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya mwamba wa Tutia, kwa hiyo tunajua kwamba mipaka ya hifadhi hailizuii joto. Kusi likivuma tunabaki ndani ya Ghuba ya Chole, na masika ikianza hoteli kadhaa hufungwa kabisa, ilhali mishahara ya watu wa kudumu na marejesho ya mkopo wa injini hayafungwi. Wengi walikimbilia papa potwe wanaokusanyika upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari, nami sikatai kwamba wametuokoa. Hata hivyo nimeona boti zikimzingira potwe mmoja mpaka akazama zake, wageni wakabaki wanatazama maji matupu, kila mmoja akidai fedha zake. Ni yaleyale ya Mnemba. Anayeshusha bei analazimika kukimbiza.

Nahodha mstaafu:
Wanangu, nimeanza baharini kwa kutega madema, nikamalizia kwa kupeleka wazamiaji. Tatizo la maboya ni kwamba kila kituo huyatumia na hakuna anayetaka kununua kamba za kuyashikilia. Ikikatika, wote wanarudia nanga. Kaeni vituo vitano au sita, mchange, na mmpe mtu mmoja kazi ya kuzikagua kila mwezi wakati wa maji mafu, maana siku za bamvua mkondo ni mkali na maji huwa na vumbi. Bamvua hizohizo ziwasaidie kupanga safari: msiwapeleke wageni wapya Mnemba siku ambayo hawataona hata mapezi yao, na wazoefu ndio wa kuwapeleka kwenye mwamba wa Leven, tena mkondo ukiwa umetulia. Na wavuvi msiwasahau katika mkutano huo. Kamba nyingine zinakatwa kwa sababu mvuvi aliyekuta boya mahali pa dema lake hakuambiwa neno na mtu.

Mzamiaji wa Nungwi:
Shukrani, mzee, pamoja na nyote. Nimezungumza na mshirika wangu jana usiku, na amekubali, kwa shingo upande, kwamba hadi masika bei ibaki ilipo, kila mkufunzi achukue wageni wanne, na wasiojimudu waanzie kwenye mchanga wa kina kifupi hapa Nungwi kabla ya kupandishwa boti ya Mnemba. Kuhusu kamba, vituo viwili vimeshaitikia na cha tatu kinasubiri kujua gharama. Mzee, ile kamba mliyokuwa mkiifunga kwenye zege la chini ilikuwa ya unene gani, na ilidumu misimu mingapi?