Catalyst 2960: nimeweka limit 20 kwenye poti ya provaida lakini simu bado zinakatika

waya_wa_bluu:
Wakuu habari zenu. Nina swichi Catalyst 2960, poti Gi0/1 ndo inaenda kwa provaida, tunalipia Mbps 20 kwenda na kurudi ila link yenyewe imekaa kwenye giga. Mtu akianza tu kupandisha faili kubwa simu za IP zinakatikakatika, na hata hiyo apulodi haitulii, inapanda inashuka inapanda inashuka. Nimeweka `srr-queue bandwidth limit 20` hakuna kilichobadilika, nikajaribu `service-policy output` swichi ikagoma kabisa. Hii swichi inaweza kushepu kweli (yani kubana kasi ya kinachotoka) au nitafute ruta?

fundi_poti:
Inaweza mkuu, ila hiyo 20 ni asilimia sio megabiti. Asilimia 20 ya giga ni Mbps 200, yani swichi haikubani popote, anayekubana ni provaida na inavyoonekana yeye anafanya polisingi: pakiti ikizidi kiwango inatupwa palepale. TCP, itifaki inayobeba hayo mafaili, ikiona pakiti zimepotea inapunguza kasi, inapanda tena, zinatupwa tena, ndo hiyo panda shuka unayoiona, na anapotupa hajali hii ya simu hii ya faili. Shepingi ni tofauti, iliyozidi inasubiri kwenye bafa mpaka zamu yake ifike, kwaiyo unataka foleni ijae kwako kabla haijafika kwake.

Shida ni kwamba hiyo komandi haishuki chini ya 10, na kwenye giga 10 ni Mbps 100. Shusha poti kwanza:

`interface Gi0/1`
`speed auto 100`
`srr-queue bandwidth limit 18`

Andika `speed auto 100`, usikaze `speed 100` na `duplex full` upande wako peke yako, maana provaida akibaki auto atashindwa kujua duplex yako (kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu) ataangukia half, yani kwa zamu, na hapo utapata balaa jingine kubwa zaidi. Halafu pima, hizi swichi zinaruka kwa hatua za kama asilimia sita sita kwaiyo hutapata 18 kamili, ukiona imezidi 20 teremsha namba. Na `service-policy output` sahau, 2960 inakubali policy-map (kanuni za trafiki) za kuingia tu.

sauti_kwanza:
Naongezea upande wa simu maana hapo ndo watu wengi wanaumia. Limit peke yake itatuliza apulodi lakini simu zitakuwa foleni moja na mafaili. Washa `mls qos` (mfumo wa kipaumbele cha trafiki), ila ukishawasha bila trust, yani bila kuiambia swichi iamini alama za pakiti, inageuza alama zote za DSCP (za kipaumbele cha pakiti) kuwa 0, kwaiyo weka `mls qos trust dscp` kwenye poti ambazo sauti INAINGILIA, yani za simu, sio Gi0/1. Kwenye Gi0/1 weka `priority-queue out`. Usipoiweka, foleni ya 1 ambayo ndo ya sauti inakuja na shape 25 kama default, maana yake 1/25 ya kasi ya poti, kwenye poti ya 100 ni Mbps 4 tu hata kama laini nzima iko wazi. Cheki na `show mls qos interface gi0/1 queueing`.

waya_wa_bluu:
Daah asanteni sana, apulodi nimeelewa. Daunlodi je? Hiyo limit itagusa na zinazoingia?

fundi_poti:
Haigusi, shepingi inashika kinachotoka kwenye poti tu, na zinazoingia zimeshapita kwenye kamba ya provaida kabla hujaziona. Unaweza kufanya polisingi ya kuingia kwenye Gi0/1 kwa mafaili tu, `police 18000000 1000000 exceed-action drop`, hiyo namba ya pili ni besti (burst, mkupuo unaoruhusiwa kupita kwa mara moja) kwa baiti na milioni moja ndo mwisho wa hii swichi, ukiweka ndogo sana TCP haitafika hata nusu ya kasi. Simu zitoe kwenye hiyo polisingi kwa ACL (orodha ya kuchuja trafiki) ya anwani ya seva ya sauti, usitegemee DSCP maana provaida wengi wanaifuta njiani.

Ila mimi ningeanza kwa kumpigia provaida, mwambie ashepu upande wake badala ya kutupa. Foleni ya daunlodi iko kwake, kwako hapo utakuwa unapoza tu.