Naomba ushauri: nimerithi seva ya maabara ya matetemeko, nipandishe mfumo mpya au niiache ilivyo?

Binti_Mabibo
Wakuu habari za jioni. Shikamooni mnaostahili.

Nimehamishiwa maabara ya utafiti wa matetemeko ya ardhi hapa Dar, huu mwezi wa pili. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia kompyuta za uhasibu, kwa hiyo mambo ya mawimbi nayasikia tu kwa watafiti. Mzee aliyekuwa anashika mitambo amestaafu. Ameniachia funguo, daftari jeusi na neno moja: "Ukiona inafanya kazi, usiiguse."

Hali ilivyo: seva ni moja tu, yenye mfumo endeshi wa CentOS 7, ndani yake SeisComP (programu ya kufuatilia matetemeko) ya zamani inayovuta data za vituo 12 vya kupimia mitetemo kwa SeedLink (njia ya kutuma data hizo mtandaoni papo hapo), na hifadhidata ya MySQL humohumo. Kompyuta za wanafunzi ni tano, kila moja na Python yake. Huyu anatumia ObsPy, yule SEISAN (zote za kuchambua data za matetemeko), na wote wana paswedi ya root, yaani mtumiaji mkuu, ya seva. AC inadondosha maji kwenye ndoo niliyoitega mwenyewe, hatua mbili kutoka ilipo UPS. UPS nayo umeme ukikatika inalia dakika nne, kisha kimya.

Bosi anataka kila kitu kiwe kipya kabla wageni wa mradi hawajafika mwezi ujao. Anasema niweke mfumo mpya juu ya huo uliopo, wikiendi moja, basi. Mimi naogopa. Ila bakapu ipo: kuna skripti inanakili faili la jana kila usiku kwenda diski ya nje, na nimeipima. Nilifungua faili la tarehe 12 Agosti 2020, lile tetemeko la baharini lililotutoa nje saa mbili usiku, nikalikuta limejaa skrini nzima. Data iko salama.

Swali: nipandishe hapohapo, au nifuate neno la mzee?

Fundi_wa_Sinza
CentOS 7 ilizikwa tarehe 30 Juni 2024, haipati tena viraka vya usalama. Na root iko mikononi mwa wanafunzi watano? Mzee nampa heshima yake, ila hiyo seva siyo kwamba inafanya kazi, inasubiri siku yake.

Anza leo na paswedi. Halafu angalia kama mlango (port) 18000 wa SeedLink uko wazi kwa dunia nzima. Ukiwa wazi, ufunge, ruhusu anwani za vituo na wenzenu mnaobadilishana nao data tu.

Kijiwe_Namba_Moja
Matetemeko Bongo? Si mngenunua hata mashine za kuchapia mitihani jamani.

Mhaya_Halisi
@Kijiwe_Namba_Moja tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa Bukoba. Tetemeko la ukubwa wa 5.9. Ukuta wa jirani ulianguka mbele ya macho yangu, saa tisa na nusu alasiri. Na huko Rukwa mwaka 1910 lilipiga lenye ukubwa wa kama 7.4. Kachape mitihani yako.

Fundi_wa_Sinza
Tuendelee. Jambo jingine ni saa. Hakikisha seva inapata muda sahihi kwa NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao), maana kwenye kazi hizi sekunde moja tu ikikosewa tetemeko linahamia kijiji kingine.

Saa_ya_Greenwich
@Fundi_wa_Sinza umegusa pazuri ila umeshika mkia. Wimbi la kwanza kwenye ukoko wa dunia linakwenda karibu kilomita 6 kwa sekunde, kwa hiyo kweli sekunde moja inaharibu kazi. Lakini muda unaoandikwa kwenye data hautoki kwenye seva. Unatoka kwenye GPS ya kituo, data inafika Dar ikiwa imeshagongwa muhuri. NTP ya seva iweke, itakusaidia kwenye kumbukumbu za mfumo (logi) na kujua data inachelewa kiasi gani. Ila kama antena ya GPS huko porini imetafunwa na panya, NTP ya Dar haikuokoi.

Dada, kuhusu kupandisha: usipandishe juu ya mfumo unaoishi. Kamwe. Uzuri wa SeedLink ni kwamba haioni shida kuhudumia wateja wawili. Tafuta mashine nyingine, hata kompyuta ya mezani yenye RAM nzuri, weka Debian, Ubuntu au Rocky, weka SeisComP ya sasa, iambie ivute data kutoka kwenye seva ya zamani. Hamisha taarifa za vituo na mipangilio. Ziache zikimbie pamoja wiki mbili au tatu. Kila asubuhi linganisha: ile imeona matukio mangapi, hii mangapi? Zikikubaliana, hamisha vituo kimoja kimoja. Hiyo ya zamani usiifute hata mwezi mzima.

Sasa naomba nikuulize. Hilo faili la Agosti 2020 ulilifungua ukatazama tetemeko tu, au ulitazama mpaka mwisho wa faili?

Binti_Mabibo
Nilitazama tetemeko tu mkuu. Mwisho kuna nini?

Saa_ya_Greenwich
Tetemeko lile lilitokea 17:13 UTC (saa za dunia, nyuma ya zetu kwa saa tatu). Faili linatakiwa kufika 23:59. Jina lake linaishia 2020.225, yaani siku ya 225 ya mwaka, sivyo? Lifungue tena, uniambie sampuli ya mwisho ni ya saa ngapi. Halafu nitajie skripti yako inaamka saa ngapi.

Binti_Mabibo
Mungu wangu.

Linaishia 20:59 na sekunde kadhaa. Nimefungua mengine kumi bila kuchagua, yote hivyo hivyo. Skripti inaamka saa sita kamili usiku, saa zetu.

Saa_ya_Greenwich
Ndicho nilichokuwa nakiogopa, maana mimi mwenyewe kilinikuta.

Siku ya seismolojia ni ya UTC. Kwetu hapa inaanza saa tisa usiku na kuisha saa tisa usiku ya pili yake. Skripti yako inaamka saa sita usiku, inaona kalenda ya Dar imegeuka, inasema "hili ni faili la jana", inalinakili na halirudii tena. Lakini kwa UTC ndiyo kwanza saa 21:00, faili bado linaandikwa. Kila siku unaacha saa tatu za mwisho.

Dawa siyo kusogeza hadi saa tisa na dakika moja. Kituo kikipoteza mtandao kinatunza data chenyewe, mtandao ukirudi kinaleta viporo, na vinaingia kwenye mafaili ya juzi na juma lililopita. Kwa hiyo tumia rsync (programu ya kunakili kilichobadilika tu), iamke saa kumi na mbili asubuhi, ipitie siku 30 za nyuma, siyo jana peke yake.

Hapo ulipo hakuna hasara, faili kamili si ziko kwenye seva?

Binti_Mabibo
Za kuanzia Januari 2023 zipo. Za nyuma zilifutwa kwenye seva, kwa sababu "zipo kwenye bakapu" na diski ilikuwa inajaa. Iko kwenye daftari, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Mama_Terabaiti
Inajaa na nini? Hebu tupige hesabu. Sampuli 100 kwa sekunde, mikondo mitatu, ni sampuli kama milioni 26 kwa siku kwa kituo. Bila kubana, kwa baiti nne kila sampuli, ni MB 104. miniSEED (muundo wa mafaili hayo) inabana, tuseme ibaki theluthi, MB 35. Mara vituo 12, ni MB 420 kwa siku, GB 150 hivi kwa mwaka. Diski ya TB 4 ingewafikisha miaka 20 na ushee!

Nenda kaangalie kilichokula nafasi. Mimi nilipofanya hivyo kwetu nilikuta kumbukumbu za mfumo ambazo hazijawahi kufutwa, na tamthilia ya Kikorea misimu mitatu.

Binti_Mabibo
@Mama_Terabaiti ni filamu za Kihindi. GB 610.

Mzee_wa_Tegeta
Pole mwanangu. Kabla hujalia, uliza watafiti wako kama kuna vituo ambavyo data zake zinapelekwa pia kwenye kituo cha data cha nje. Kama zipo, zile saa tatu unaziomba zinarudi bure. Vingine angalia kadi iliyo ndani ya mashine ya kituo, ingawa kwa mambo ya 2022 kurudi nyuma usitegemee, huwa zinajiandika juu.

Na hiyo ndoo ya AC iko karibu mno na umeme. Hamisha UPS, siyo ndoo.

Fundi_wa_Sinza
Halafu bakapu mbili ndani ya chumba kimoja ni bakapu moja. Nakala nyingine ikae jengo jingine, na ya tatu nje ya Dar kabisa. Mvua zetu unazijua.

Binti_Mabibo
MREJESHO. Samahanini kwa kimya cha siku nne.

Nilimpigia mzee, yuko shambani kwake. Nikamweleza taratibu, nikiogopa ataona namlaumu. Akaniambia nifungue daftari ukurasa wa bakapu. Pameandikwa kwa wino wa bluu: "Bakapu saa 12." Yeye alimaanisha saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza, siku ya UTC imeshaisha saa tatu zilizopita. Alikuwa anajua anachofanya. Agosti 2019 akaja kijana wa fildi, diski ikabadilishwa, akaandika skripti upya kwa kufuata daftari. Akasoma 12 kama ya Kizungu, akaweka saa sita ya usiku. Mzee alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu kwenye simu.

Kutoka 1 Agosti 2019 hadi mwisho wa 2022 ni siku 1,249. Mara saa tatu, ni sawa na siku 156 za data kwa kila kituo. Vituo vinne data zake zilikuwa zinakwenda nje, tumeshaanza kuzishusha, na bando la ofisi linalia. Vinane vilivyobaki, hakuna.

Bosi nilimpelekea picha ya faili linalokatika 20:59, sikusema mengi. Ameacha habari ya wikiendi moja na ameidhinisha mashine ya pili. Inakuja Alhamisi, itawekwa Debian, zitakimbia sambamba kama mlivyonielekeza. CentOS sijaigusa bado, zaidi ya paswedi. Wanafunzi wamenuna. UPS nimeihamisha.

Kwenye daftari nimeandika chini ya wino wa bluu: "06:00 za Dar = 03:00 UTC = saa kumi na mbili ASUBUHI." Mwenye uzoefu wa kuhamisha hifadhidata ya SeisComP kutoka MySQL ya zamani kwenda MariaDB (hifadhidata ya jamii moja na MySQL) bila kupoteza matukio yaliyosomwa kwa mkono, namsubiri hapahapa.