Naomba ushauri: "pulled himself up", "let himself out" na wenzake vinanishinda kutafsiri

Mtafsiri Mchanga (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Ninatafsiri hadithi fupi kutoka Kiingereza, na kuna mahali nimekwama kwa wiki nzima. Mhusika mkuu amelala muda mrefu kwa maradhi, na siku anapoamua kutoka chumbani mwandishi anasema: "He pulled himself up, dragged himself along the wall and let himself out." Maneno yote hayo ninayajua, kwa hiyo niliandika bila wasiwasi: "Alijivuta juu, akajiburuta kando ya ukuta na kujiruhusu nje." Mhariri aliirudisha sentensi nzima ikiwa imepigiwa mstari, na pembeni ameandika kwamba hakuna Mswahili anayesema hivyo. Nilipoisoma kwa sauti nilikubaliana naye, lakini bado sijaona kosa hasa liko wapi.

Nilivyofundishwa, "himself" ni sawa na -ji- yetu: anayetenda ndiye anayetendwa, kama katika kujikata au kujisifu. Hapa, hata hivyo, sioni aliyetendwa jambo lolote. Mtu ametoka mahali pamoja akafika pengine, basi. Kurasa mbili mbele nimekutana na "she cried herself to sleep", na nijuavyo "cry" katika maana ya kutoa machozi haichukui yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa. Mtu anawezaje "kujilia" mpaka usingizini? Naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kuzisoma sentensi za aina hii kabla ya kushika kalamu, kwa sababu hadithi hii imejaa miundo hiyo na ninaipenda mno kuiharibu.

Mwalimu wa Lugha Mbili

Ndugu mwanzisha uzi, tatizo ni mahali ulipoanzia. Umeanza na kitenzi, ukakipachika -ji-, kisha ukakitafutia kielezi nafasi mwishoni. Katika muundo huu Kiingereza huiweka safari ndani ya lile neno dogo la nyuma: "up" ndiko kuinuka, "in" ndiko kuingia, "out" ndiko kutoka, "away" ndiko kuondoka. Kitenzi kilichotangulia kinaeleza tu jinsi safari ilivyofanyika. Sisi tunafanya kinyume, kwa kuwa safari tunaitia kwenye kitenzi chenyewe, yaani panda, shuka, ingia, toka, pita, na jinsi ilivyofanyika tunaieleza kwa kitenzi kingine kando yake. Mwanaisimu Leonard Talmy alizilinganisha lugha kwa kutazama kitenzi cha mwendo kinabeba nini, katika makala yake ya mwaka 1985, na sijapata kigezo kingine kilichonifaa zaidi katika kazi ya tafsiri.

Kwa hiyo isome sentensi kutoka nyuma. Katika "let himself out", anza na "out", upate "akatoka". Kisha jiulize alitokaje. "Let" ikiandamana na "himself" inakwambia kwamba hapakuwa na mtu wa kumfungulia wala kumsindikiza, na hapo unapata "akafungua mlango mwenyewe akatoka". Hakuna ruhusa iliyoombwa wala iliyotolewa.

Swali lako zito zaidi ni kuhusu "himself", na hapo ndipo utamu wa muundo huu ulipo. Neno hilo linaugeuza mwili kuwa mzigo. Mtu mzima wa afya "moves along the wall". Anayesemwa kwamba "drags himself" amegawanyika pande mbili, utashi unavuta na mwili unavutwa. Mtazame mgonjwa wako kwa karibu: vidole vimekaza ukingo wa kitanda, bega limetangulia, miguu inafuata baadaye kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ndiyo maana utaukuta muundo huu penye uchovu, woga, maumivu au kusitasita, kama vile "hauled herself up", "forced himself back" na "tore himself away". Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba picha kama hizo kwa neno moja, na huniuma kuona watafsiri wakivipita: kujikokota, kujikongoja, kujizoazoa, kujibwaga, kujitoma, kujipenyeza. Hata "tore himself away from the window" inaweza kuwa "alijibandua dirishani", na msomaji akauhisi ule ugumu wa kuondoka bila kuongezewa neno.

Msomaji Mkongwe

Niongeze tahadhari moja. "Kujivuta" katika Kiswahili cha kila siku ni kufanya jambo polepole kwa uzembe au kwa kutotaka. Ukiandika kwamba mgonjwa "alijivuta", umemfanya mvivu siku ambayo ameonyesha ushujaa mkubwa kuliko zote. Vivyo hivyo, ukikutana na "pulled himself together", usimkusanye vipande. Andika "alijikaza" au "alijizatiti", kulingana na yaliyomkuta.

Mpenda Sarufi

Kuhusu "cried herself to sleep": una haki ya kushangaa, kwa sababu katika matumizi haya Kiingereza chenyewe hakikubali "she cried him" wala "she cried the child". Yambwa "herself" imewekwa pale ili matokeo yapate mtu wa kumwangukia. Sentensi inasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba alilia, na kwamba kwa kulia huko akapata usingizi. Mfano wa pili ni "he shouted himself hoarse", ambapo hakuna mwendo wa miguu hata kidogo, bali kuna badiliko la hali, na badala ya kielezi kimekaa kivumishi. Mfano wa tatu ni "she worked herself up", ambao hauhusu kazi wala kupanda juu: mtu amejichochea taratibu mpaka hasira au wasiwasi ukampanda. Katika sentensi za aina hii, mara nyingi mimi huacha kabisa kutafuta -ji- na kutumia "hadi" au "mpaka" pamoja na -ka-: "alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka".

Tena usidhani -ji- yetu ina kazi moja tu ya mtu kujitenda. Sote tunasema "anajiendea zake" na "wamejikalia tu", na hapo hakuna anayetendwa. Ila angalia jinsi maana inavyokwenda upande mwingine: "himself" ya Kiingereza inauongezea mwendo uzito, ilhali -ji- katika kujiendea na kujikalia inaupunguzia, mtu akaonekana hana haraka wala hana neno na mtu.

Ukitaka kutofautisha "himself" hii na ile ya kutilia mkazo, iondoe. "She opened the door herself" inabaki sentensi kamili bila neno la mwisho. "She let herself in" ukiiondolea "herself" inavunjika. Katika matamshi pia, kwa kawaida mkazo wa "pulled himself up" huangukia "up", na "himself" hupita kwa sauti ya chini.

Mtafsiri Mchanga (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana. Nimejaribu upya: "Alijiinua kwa taabu, akajikongoja kando ya ukuta, akafungua mlango mwenyewe akatoka." Na ile ya pili: "Alilia hadi usingizi ukamchukua." Limebaki jambo moja. Mbele kuna "he let himself down", na kamusi inanipa maana mbili zisizofanana.

Mwalimu wa Lugha Mbili

Tazama kama kuna kamba, dirisha au ukuta karibu. Ikiwa ipo, mtu ameteremka, na "alijiteremsha kwa kamba" inatosha. Usitumie "alijishusha" peke yake, maana wasomaji wengi watadhani amenyenyekea. Ikiwa hakuna cha kushukia, basi mtu ameshindwa kufikia kiwango alichojiwekea, na hapo "alijiangusha mwenyewe" inaeleweka vizuri.

Jaribio lako la pili usiliguse tena. Katika la kwanza nina neno juu ya "kujikongoja", ambayo humleta akilini mzee mwenye mkongojo au mtu anayeyumba kwa udhaifu. Mwandishi amesema "dragged", kwa hiyo "kujikokota" iko karibu zaidi. Na "along" hapa imefuatwa na nomino, hivyo wanasarufi wataiita kihusishi, lakini bado ndiyo iliyobeba njia, nawe umeiachia "kando ya", ambayo inaonyesha mahali bila mwendo. Kiswahili kina kitenzi cha kupita sambamba na kitu ukikikaribia, nacho ni kuambaa.

Mtafsiri Mchanga (mwanzisha uzi)

"Alijiinua kwa taabu, akajikokota akiambaa na ukuta, akafungua mlango mwenyewe akatoka." Hii ndiyo ninayompelekea mhariri jioni hii.