MREJESHO: Kutembea Goma hadi Buhene kutafuta kiwanja chetu

Wadau, habari za siku. Niliwauliza namna ya kutembea kwa miguu kutoka katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, hadi Buhene, pembezoni mwa mji, kutafuta kiwanja cha marehemu baba kilichofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021. Nimerudi salama, asanteni sana.

Aliyesema nivae buti, Mungu ambariki. Lava iliyopoa inakwaruza kama tupa. Raba za mdogo wangu zilichanika soli tukiwa bado mtaa wa Majengo. Na yule aliyeonya kuhusu mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni bila kuonekana, nilimsikiliza: tulisubiri jua lipande na upepo uvume, na hatukushuka kwenye shimo lolote.

Ushauri wa kutafuta mti au tangi la zamani kama alama haukufaa. Hakuna kilichobaki, ni mawe meusi tu, na vijana wanayavunja kwa nyundo na kuyapakia kwenye chukudu (zile baiskeli za mbao za kusukuma) kwenda kujengea. (Mjini kuta nyingi ni mawe hayohayo, tangu lava ya 2002 iliyopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu.)

Kilichosaidia ni kumchukua mzee jirani. Alihesabu hatua kutoka barabarani, akasema "hapa ni kwenu." Mpaka wa upande mmoja tumeupata, tukapiga chokaa. Wa pili tunabishana bado na majirani, kwa hiyo hati ya kiwanja sijaanza kuifuatilia.

Mama hakuweza kufika, miguu. Nimempelekea picha.